Mpelelezi Aende Ardhi, Asiende Gesti

Mtu anayemkodi mpelelezi binafsi wakati ndoa yake inavunjika mara nyingi hutaka kitu kimoja tu: picha. Gari la mume limeegeshwa nje ya gesti, namba zinasomeka, saa imejiandika pembeni. Mke anashuka kwenye bodaboda, anaangaza huku na huku, anaingia, na saa mbili baadaye anatoka na mwanamume asiye mumewe. Aliyeiagiza kazi hiyo huenda amekopa kwenye chama ili amlipe kachero wake, mafuta ya gari na chakula cha msaidizi. Anazimwaga picha mbele ya wakili akiamini kwamba kesi imekwisha. Wakili mwaminifu ana kazi ngumu hapo, maana inambidi amweleze mteja aliyeumia kwamba talaka ingepatikana hata bila picha hizo, na kwamba kuhusu nyumba, shamba, hisa na akiba ya miaka yote ya ndoa, picha hazisemi lolote. Sipingi upelelezi wenyewe. Ninachosema ni kwamba katika talaka za Kenya na Tanzania mpelelezi hutumwa asikohitajika, na anakohitajika, yaani kwenye masjala za ardhi na za kampuni, hatumwi kabisa.

Mazoea haya yana asili, na asili yake ni sheria. Uingereza ilipounda mahakama ya talaka kwa sheria ya 1857, mume aliweza kumwacha mkewe kwa kuthibitisha uzinzi peke yake, ila mke alitakiwa athibitishe uzinzi wa mumewe na juu yake jambo jingine zito, kama ukatili au kutelekezwa. Tofauti hiyo ilidumu hadi 1923. Sheria ikishasema kwamba hakuna talaka bila uzinzi, lazima atokee wa kuuza uzinzi, na walitokea wengi. Kwa waliokuwa na fedha, hata uzinzi wenyewe haukuhitajika. Mume alikwenda hoteli ya pwani mjini Brighton na mwanamke wa kukodi, usiku ukapita kwa karata na mazungumzo, asubuhi mhudumu akawaletea chai na kuwakuta kitandani, kisha stakabadhi ya hoteli na maneno ya mhudumu vikapelekwa kwa jaji. Evelyn Waugh aliudhihaki mchezo huo katika riwaya yake A Handful of Dust ya 1934, na miaka mitatu baadaye bunge lao liliongeza ukatili, kutelekezwa na wendawazimu kuwa sababu za talaka. Ng'ambo ya Atlantiki, jimbo la New York liling'ang'ania uzinzi kama sababu pekee hadi mageuzi ya 1966. Allan Pinkerton, aliyeanzisha kampuni mashuhuri ya upelelezi mjini Chicago katikati ya karne ya 19, aliiwekea kanuni ya kutogusa kesi za talaka. Aliona kwamba kazi hiyo ingeichafua kampuni, na si ajabu: katika kazi nyingine mpelelezi hutafuta jambo lililotokea, na katika hii alikuwa akilipwa ili jambo litokee.

Kenya ilirithi sehemu kubwa ya fikra hizo kupitia sheria ya kikoloni ya mashauri ya ndoa, nayo haikufutwa hadi Sheria ya Ndoa ya 2014. Hata katika sheria mpya uzinzi umebaki sababu inayojitegemea, pamoja na ukatili, kutelekezwa kwa angalau miaka 3, upotovu uliokithiri, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Tanzania iliondoka mapema zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamuuliza hakimu swali moja kubwa, kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ugoni umewekwa kuwa dalili mojawapo ya kuvunjika huko, hasa ukirudiwa licha ya mwenzi kulalamika. Umekaa bega kwa bega na ukatili wa mwili au wa akili, kutelekeza, kutengana kwa miaka 3 na zaidi, kifungo kirefu na mengineyo. Tena kwa kawaida shauri halifiki mahakamani kabla halijapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha wawili hao hutoa hati ya kueleza hivyo. Wanandoa waliofika hapo, wanaolala nyumba tofauti na kutumiana ujumbe kupitia watoto, wameshabeba ushahidi wa kuvunjika kwa ndoa yao wenyewe. Waingereza nao waliuacha mchezo wao wote: tangu tarehe 6 Aprili 2022 anayetaka talaka kule hahitaji kumtuhumu mwenzake kwa lolote. Sheria zimehama. Akili zetu bado zimepanga chumba Brighton.

Tuseme basi mteja wa Kenya ameamua kuegemea uzinzi. Mahakama zimekuwa zikisema kwamba tuhuma hiyo ni nzito, na kwamba kipimo cha kuithibitisha hupanda juu ya kile cha madai ya kawaida ingawa hakifiki kile cha jinai. Hapo hapo, hazidai mtu aliyewafumania kitandani. Zinakubali ushahidi wa mazingira: kwamba wawili hao walikuwa na mwelekeo wa kimapenzi na walikuwa na nafasi ya kuutimiza. Maana yake ni kwamba mume anayeishi waziwazi na mwanamke mwingine Kitengela, au mtoto aliyezaliwa nje na kuandikishwa kwa jina la baba yake, ni ushahidi mzito kuliko picha mia za maegesho. Picha ya gari nje ya gesti inathibitisha kwamba gari lilikuwa nje ya gesti. Na mpelelezi hawezi kutuma ripoti iliyofungwa kwa utepe akabaki nyumbani. Atapanda kizimbani, aapishwe, aulizwe ni nani aliyemlipa na kiasi gani, kama malipo yake yangekuwa yale yale kama asingekuta kitu, alisimama wapi, aliona nini kwa macho yake na nini aliambiwa na mlinzi wa geti. Picha na ujumbe wa simu, kwa kuwa ni ushahidi wa kielektroniki, vina masharti yake pia. Kenya sheria ya ushahidi inataka cheti cha kueleza vilitolewa katika chombo gani na kwa njia gani, na Tanzania sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ijiridhishe kuhusu uhalisi wake. Wengi huanguka hapa, kwa sababu kachero aliyezoea kumridhisha mteja hajazoea kumridhisha hakimu.

Lakini tuseme pia kwamba amefaulu, na hakimu ametamka kwamba uzinzi ulifanyika. Sasa mwenye ushindi huo amepata nini? Amepata talaka. Vita vya mali ndiyo kwanza vinaanza, na katika vita hivyo Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya 2013 haina kifungu kinachomwambia jaji apunguze fungu la mzinzi. Inazungumzia mchango: fedha, na pia kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuendesha biashara ya familia, kulima shamba la familia, hata kule kuwa mwenza tu. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa uamuzi wake mkubwa kuhusu suala hilo Januari 2023, ilisema kwamba usawa wa wanandoa uliomo kwenye Katiba haumaanishi nusu kwa nusu ya papo kwa papo, na kwamba kila upande uonyeshe mchango wake. Mawakili wengi waliisoma hukumu hiyo kama habari mbaya kwa wake. Mimi naisoma kama ilani kuhusu ushahidi: kuanzia hapo, mwenye stakabadhi za mkopo wa SACCO, risiti za saruji na tarehe za kununua viwanja ana cha kuzungumza, na mwenye albamu ya picha za gesti hana. Zaidi ya hayo, sheria hiyo ya 2013 inaanza kwa kudhani kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja inashikiliwa kwa amana kwa ajili ya mwenzake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo ni silaha kubwa, ila inasimama juu ya mambo mawili makavu: kwamba mali ipo, na kwamba ilipatikana lini.

Upande wa Tanzania, sheria ya 1971 inaiambia mahakama itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa manufaa yao wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii yao, kisha ielemee kwenye mgawanyo sawa. Hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983 ambayo wanasheria huiita kwa kifupi kesi ya Bi Hawa, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ndiyo iliyotambua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Watu huikumbuka kwa hilo tu. Wachache hukumbuka kwamba katika hukumu hiyo hiyo mwenendo wa mke ulimponza, na haukuwa mwenendo wa chumbani. Alikuwa amepewa fedha na mumewe za kuanzisha mradi wa familia, akazitapanya. Hata mwenendo mbaya, basi, uliingia kwenye mgawanyo kwa njia ya pochi. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mume aliyempangia mchepuko nyumba Mikocheni na kumnunulia gari amefanya mambo mawili, na mahakama inayogawa mali inavutiwa zaidi na la pili. Mpelelezi mwenye akili hasimami kwenye mlango wa nyumba hiyo akisubiri wapenzi watoke. Anauliza nani anailipia kodi, gari limeandikishwa kwa jina la nani, na fedha zilitoka akaunti ipi.

Kwa bahati nzuri, sehemu kubwa ya maswali hayo ina majibu yaliyo wazi kwa yeyote atakayefuata utaratibu na kulipa ada. Kenya, Idara ya Usajili wa Biashara hutoa kupitia eCitizen hati inayojulikana na kila wakili kwa jina la CR12, nayo inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, huonyesha mwenye gari. Hati za ardhi hupekuliwa kwenye masjala, na tangu Aprili 2021 mfumo wa Ardhisasa, ulioanzia Nairobi, umehamishia sehemu ya kazi hiyo mtandaoni. Tanzania, BRELA ina kumbukumbu za kampuni na majina ya biashara, Msajili wa Hati ana kumbukumbu za viwanja vilivyosajiliwa, na magari yako TRA. Ujanja wa kuficha nao si mwingi kama watu wanavyodhani. Kiwanja huandikwa kwa jina la kaka, mama mzazi au mtoto wa kwanza. Kampuni huundwa miezi michache kabla ya kesi, na nyumba za kupangisha zikahamishiwa humo. Hisa huuzwa kwa rafiki kwa bei ya kutupa. Mambo haya yote huacha tarehe, na tarehe ndiyo inayomsaliti mtu. Uhamisho wa shamba uliofanyika wiki tatu baada ya barua ya kwanza ya wakili hauhitaji kamera ili uonekane ulivyo.

Mpelelezi wa gesti ana hatari nyingine ambayo mteja wake haioni mpaka imeshamfika. Katika miaka ya 1950, Kenya ikiwa katika hali ya hatari, mahakama ya mwisho ya makoloni iliyokaa London iliamua rufaa ya Kuruma mwana wa Kaniu, Mkenya aliyehukumiwa kifo kwa kukutwa na risasi mbili. Waliompekua hawakuwa na cheo kilichotakiwa na sheria. Majaji walisema hilo haliutii doa ushahidi: maadamu unahusu jambo linaloamuliwa, namna ulivyopatikana si hoja. Kanuni hiyo, iliyotungwa kwa gharama ya Mkenya, ilisambaa katika nchi nyingi zilizofuata sheria ya Kiingereza, na hadi leo kuna wanaotenda kana kwamba bado ndiyo inayotawala. Katiba ya Kenya ya 2010 iliipa kisogo. Ibara ya 31 inalinda faragha ya nyumba, ya mambo ya familia na ya mawasiliano, na ibara ya 50 inataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki hizo utupwe ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaudhuru utoaji haki. Haya si maneno ya kupamba karatasi. Katika kesi ya urais ya mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliziondoa nyaraka za ndani za tume ya uchaguzi kwa sababu waliozileta hawakuonyesha walizipataje kihalali. Kama hoja ya urais ilipoteza nyaraka kwa njia hiyo, sioni kwa nini mume aliyemlipa mtu wa kampuni ya simu amletee orodha ya simu za mkewe atarajie kuonewa huruma zaidi.

Na kutupwa kwa ushahidi ni adhabu ndogo. Kuingia kwenye simu au barua pepe ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya 2018 ya makosa ya kompyuta na mtandao, lenye faini hadi shilingi milioni 5, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Kunasa mawasiliano yanayopita kuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Tanzania ina sheria yake ya makosa ya mtandao ya 2015, na tangu Mei 2023 ina pia sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Programu ya kijasusi iliyopandikizwa kwenye simu ya mke wakati amelala ni kosa hata kama simu alimnunulia mume, na cheti cha ndoa si hati ya upekuzi. Kisha kuna kumfuatafuata mtu. Sheria ya Kenya ya 2015 ya kujikinga na ukatili wa nyumbani imekutaja kunyemelewa na kufuatwafuatwa miongoni mwa sura za ukatili, sambamba na kubugudhiwa na kutishwa. Mume aliyemkodi kijana wa pikipiki amfuate mkewe kutoka kazini hadi sokoni kwa wiki mbili huenda akajikuta ametengeneza ushahidi mzuri sana, ila wa upande wa pili. Ukatili ni sababu ya talaka pia. Kijana huyo, hata akiwa na leseni na kitambulisho cha kampuni ya ulinzi, hana mamlaka yoyote ya polisi. Anaruhusiwa kuona kile ambacho mpita njia yeyote angekiona, basi.

Wapo watakaosema kwamba nimelifanya jambo hili kuwa la hesabu tupu, na kwamba mtu ana haki ya kujua anaishi na nani. Hoja hii ina uzito, hasa afya inapoingia. Ila kujua na kushinda kesi ni mahitaji mawili tofauti, na mpelelezi huyauza kama kitu kimoja. Anayehofia maambukizi atapata jibu la hakika zaidi kwenye kituo cha afya, kwa kupima, kuliko kwa kachero. Anayetaka ukweli kwa ajili ya moyo wake ni mtu mzima na fedha ni zake, mradi ajue kwamba ananunua ukweli wa moyo. Na ajue kwamba picha hazirudi zilikotoka. Zikishaingia kwenye simu mbili tatu huishia kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na watoto wenye simu ndio huzikuta.

Pingamizi la kisheria kutoka Tanzania lina nguvu zaidi. Sheria ya 1971 inampa mume au mke haki ya kumdai fidia ya ugoni yule aliyezini na mwenzi wake, na katika kukadiria matunzo ya mwenzi baada ya talaka mahakama hutazama pia kiasi ambacho kila mmoja alichangia kuvunja ndoa. Hapo uzinzi una bei, nakubali. Tazama lakini masharti yake. Fidia haitolewi kama adhabu, na hukadiriwa kwa kuangalia pia mila za jamii husika. Mdaiwa anajinasua akionyesha kwamba hakujua, na hakuwa na namna ya kujua, kwamba mwenzake alikuwa kwenye ndoa. Na mdai aliyeridhia au kuusaidia ugoni hapati kitu. Sharti hili la mwisho linapaswa kuwatisha wale wanaomlipa mrembo amtongoze mume ili anaswe, maana aliyetega ameridhia. Katika matunzo nako, msingi wa hesabu ni uwezo wa mmoja na mahitaji ya mwingine. Uwezo huo unathibitishwa kwa nini kama si kwa hati za mapato na mali? Tumerudi masjala.

Kwenye mahakama za kadhi, Mombasa, Lamu au Unguja, gesti inazidi kupoteza maana. Mume ana talaka mkononi na hatakiwi kuthibitisha kosa lolote ili aitoe. Akitaka kumtuhumu mkewe zinaa, sheria ya Kiislamu inadai mashahidi wanne walioona kwa macho, na anayetuhumu bila hao anajiingiza kwenye dhambi nzito ya kusingizia. Asiye na mashahidi ana njia ya kulaaniana, ambayo ni viapo mbele ya kadhi na haina nafasi ya picha. Kupelelezana kwenyewe kumekatazwa katika Sura ya Hujurat. Mke anayeomba kadhi aivunje ndoa kwa faskhi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na anachothibitisha mara nyingi ni madhara au kunyimwa matunzo: miezi ambayo kodi haikulipwa, ada ya shule aliyoitoa mjomba, dawa zilizonunuliwa kwa mkopo wa dukani. Daftari la duka lenye saini linamfaa kuliko kamera.

Kuhusu watoto nitasema kidogo. Watu hudhani kwamba ushahidi wa uzinzi utampokonya mzazi watoto. Sheria zote mbili, ya Kenya na ya Tanzania, zimeweka ustawi wa mtoto mbele, na ya Tanzania inaanza kwa kudhani, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa, kwamba aliye chini ya miaka 7 ni bora akae na mama. Mpelelezi anayeonyesha kwamba mtoto huachwa peke yake usiku ameleta jambo zito. Anayeonyesha kwamba mama ana rafiki wa kiume hajaleta. Na hata lile la kwanza, ripoti ya afisa wa ustawi wa jamii aliyeitembelea nyumba hiyo kwa agizo la mahakama itasikilizwa kwa imani zaidi, kwa sababu hakulipwa na upande wowote.

Linabaki pingamizi ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Yote haya ya masjala na hati, mtu atasema, ni ya wenye mawakili. Mke wa mfanyabiashara wa Eastleigh au Kariakoo hajui mumewe ana kampuni ngapi. Hajawahi kuona hati hata moja, na kuambiwa apekue ni kumdhihaki, maana masjala ya ardhi hainong'oni. Inajibu ukiiuliza kwa namba ya kiwanja, na namba hiyo ndiyo asiyokuwa nayo. Ni kweli kwamba mahakama inaweza kumwamuru mume ataje mali zake kwa kiapo, na kwamba sheria ya ushahidi ya Kenya inaruhusu vitabu vya benki kukaguliwa kwa amri. Lakini amri hiyo haitolewi kwa anayesema tu kwamba nadhani ana fedha mahali. Lazima uelekeze kidole: benki ipi, tawi lipi, kiwanja kipi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa mjini London iliamuru nakala za nyaraka ambazo ndugu wa mke wa tajiri mmoja walizichota kwenye kompyuta za ofisini zirudishwe, licha ya hofu ya mke kwamba mali ingefichwa. Majaji walitaka njia za mahakama zitumike badala ya mikono ya watu. Wakosoaji wa uamuzi huo walisema umewapa waongo nafuu, na siwezi kusema wamekosea kabisa. Kati ya kiapo cha mume mwongo na wizi wa nyaraka kuna pengo, na mwanamke asiye na kipato huweza kuzama humo.

Pengo hilo ndilo mahali pa mpelelezi. Hapo analipwa kwa haki, na kwa siku chache kuliko zile za kulinda geti la gesti. Kazi yake ni kupata jina la mtaa, namba ya kiwanja, jina la kampuni, ili wakili aende mahakamani akiwa na kitu cha kuombea amri. Anamuuliza fundi aliyepiga plasta ni nani aliyekuwa akimlipa. Anamuuliza mjumbe wa mtaa nyumba ile ya ghorofa inajulikana kuwa ya nani. Anazungumza na wapangaji, ambao hawana sababu ya kumficha mtu wanayemlipa kila mwezi na ambao wanaweza kuitwa kutoa ushahidi bila siri ya mtu kuvunjwa. Mpangaji wa Nairobi anayelipa kodi kwa M-Pesa huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa ni la shemeji, wakili ameshajua ni hati za nani aanze kuzipekua Jumatatu.